Pingamizi la Kizuka

Mwaka wa themanini na tatu, Rehmat alikuwa kizuka katika nyumba yake mwenyewe mjini Malindi. Mumewe, Yusuf, alikuwa amezikwa mwezi uliopita, naye amekaa eda chumba cha ndani: hatoki, hajipambi, haonwi na mwanamume wa kando. Hayo aliyaweza. Kilichomnyima usingizi ni kodi ya baraza la mji.

Mthamini aliyeletwa na baraza alikuwa amepita mitaani akizitazama nyumba kwa nje tu. Nyumba ya Rehmat, yenye duka la vitambaa chini na vyumba viwili juu, akaipandisha thamani ikawa sawa na hoteli ya Wazungu. Labda aliona roshani akadhani huko juu wamekaa wageni wanakunywa juisi. Kodi kama hiyo duka lisingeiweza hata wangeuza na rafu zake, na asiyelipa nyumba yake hunadiwa. Sheria ilimwachia njia moja tu, aandike pingamizi ndani ya siku ishirini na nane tangu tangazo libandikwe. Siku hizo zikipita, hata hakimu hamsikilizi.

Shemeji yake, Anwar, ndiye aliyejitwika kazi hiyo. Kila akiulizwa alijibu, "Tulia, shemeji. Nani atamharakisha kizuka? Eda ikiisha tutakwenda pamoja." Alisema kwa upole wa kweli, na nyumba nzima ikaamini kwamba serikali nayo imekaa matanga pamoja nao. Rehmat pia aliamini, maana kuamini kulikuwa rahisi.

Adhuhuri moja jirani yake Kanta, mke wa Suresh fundi saa, akaingia na bakuli la chakula, uso umemsawijika.

"Suresh amepeleka pingamizi lake asubuhi hii," alisema. "Karani amemwambia mwisho ni leo, saa kumi. Suresh akamtajia msiba wako, karani akasema sheria haina msiba. Ningekupelekea mimi, dada, lakini anamtaka mwenye nyumba mwenyewe."

Anwar alikuwa amekwenda Mariakani kufuata mzigo, na hakuna ajuaye atarudi lini. Rehmat akaandika barua ya pingamizi, kisha akamwendea mama mkwe wake aliyekuwa juu ya msala.

"Mama, naomba ruhusa nitoke."

"Kaburi la mwanangu halijakauka, nawe watafuta njia ya nje?"

"Ni dharura, mama. Nyumba itanadiwa."

Mama mkwe akageukia ukuta, akaendelea na tasbihi yake. Saa tisa ilipopita Rehmat alivaa buibui kuukuu, akashuka ngazi peke yake.

Njiani aliwaogopa watu, akaiogopa saa zaidi, na zaidi ya yote akaogopa kwamba anamkosea Yusuf. Hakumsalimu yeyote.

Karani wa baraza, mtu wa bara aitwaye Gerishom, alikuwa ameshaanza kufunga makabati. Akaipokea barua, akatazama daftari lake.

"Mwenye nyumba hapa ni Yusuf. Yeye ndiye anayetakiwa."

"Ni marehemu."

"Pole sana, mama. Wewe ni nani wake?"

"Mjane wake."

Neno hilo walikuwa wakilisema wengine. Kinywani mwake lilikuwa halijapita hata mara moja. Akashika ukingo wa meza. Gerishom akampa kalamu atie sahihi kwa niaba ya marehemu, kisha akapiga muhuri wa tarehe.

"Limepokelewa," alisema. "Mtaitwa siku ya kusikilizwa."

Aliporudi alimkuta mama mkwe amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Wamelikataa?"

"Wamelipokea, mama. Hukumu bado."

"Nani amekuona?"

"Watu wengi."

Mama mkwe akamshika mkono, akamwingiza ndani.

"Wakiuliza," akasema, "waambie nimekutuma mimi."