Hodi Bila Mikebe

Usinicheke. Mimi sikusoma sana, lakini akili yangu iko sawa, na haya yalitokea ndani ya nyumba yangu hapa Kindu. Mukwe wangu alikuwa pale. Hapendi kuyasema, lakini muulize kwa nini siku hizi hapiti tena uani jua likizama.

Wakati wa vita, nyuma ya kila nyumba ya mutaa wetu tulifunga kamba yenye mikebe mitupu ya samaki, ndani tumetia vijiwe. Muntu wa heri akija kwa mulango wa nyuma, anatikisa kamba kwanza, halafu njo anasema hodi. Ukisikia hodi bila mikebe, unafunga kinywa. Ni vile tuliishi.

Siku moja, magharibi, nikasikia: "Hodi, dada." Sauti ya Salumu, mudogo wangu, aliyekwenda Punia kuchimba madini na hakurudi. Mikebe kimya. Nikachungulia kwa tundu la mulango. Muntu amesimama, kamba imepita katikati ya kifua chake, wala haitikisiki. Pale uso ungekuwa, giza tupu. Niliuma kikwembe changu, nguo niliyojifunga, nisijibu. Unafikiri sikutaka kumujibu mudogo wangu?

Akasema, "Utajibu tu. Usipojibu wewe, atajibu wako." Akapotea.

Vita viliisha. Kamba sikuifungua.

Sasa juzi juzi wezi wamezidi, mukwe wangu akaleta alarme isiyo na nyuzi. Kila mulango anabandika kidude cheupe. Mulango ukifunguka, kidude kinaita sanduku la sebuleni, sanduku linalia, na telefone ya muke wake, binti yangu Zainabu, inalia pia. Basi kile cha mulango wa nyuma kikatusumbua. Kila magharibi kinasema mulango uko wazi, na sisi tunauona umefungwa kwa komeo.

"Rezo ni mbovu, Mama, kidude na sanduku havisikilizani," mukwe akasema. "Kuta zako nene, sanduku liko nyuma ya frigo, na ile mikebe yako ya bati inachafua mawimbi."

"Mikebe iache, Baba Feza," nikamuambia mukwe.

"Mama, vita viliisha zamani! Au unamungoja jenerali gani?"

Akacheka, na Zainabu akacheka naye. Yeye alizaliwa vita vimekwisha; kwake mikebe ilikuwa hadithi ya kutishia watoto.

Mukwe akapandisha sanduku juu ukutani, mbali na frigo. Akabadilisha mapile, zile betri za vidude, akatia koridoni kidude kingine cha kupokezana rezo. Halafu, mimi niko sokoni, akakata kamba. Mikebe niliikuta kwenye takataka. Nilimutukana, mukwe wangu mwenyewe, na kwetu hiyo ni aibu kubwa. Akanionyesha telefone: rezo imejaa. Kweli, jioni ile kidude kilinyamaza, naye akatembea kama jogoo.

Kesho yake, magharibi, ninatawadha, sanduku likalia nyumba nzima. Zainabu akatazama telefone: mulango wa nyuma, wazi. Nikautazama mulango: komeo iko mahali pake. Kumbe kidude hakikudanganya hata siku moja. Kilikuwa kinamusikia kwa mbali tu, na sisi tukakisafisha masikio.

"Hodi, dada."

Nilikimbia na maji mikononi. Niamini, nilikimbia kama musichana. Lakini Zainabu, mutoto niliyemufundisha adabu mimi mwenyewe, alikwisha kujibu: "Karibu! Ni nani?"

Hilo njo lilikuwa neno lake la mwisho. Hakuanguka, hakulia. Alifungua kinywa tena, hakikutoka kitu. Daktari alitazama koo, akasema ni zima. Shehe alisoma, akaondoka ameinamisha kichwa. Mukwe aling'oa vidude vyote, akaniomba musamaha. Sijamupa.

Mikebe niliirudisha. Wewe weka alarme yako, sikukatazi. Inua sanduku, badilisha mapile. Lakini kamba uliyoikuta imefungwa usiikate kabla hujauliza inamuzuia nani. Na hodi isiyotikisa kitu usiijibu, hata ikiwa na sauti ya nani.

Kwa maana anakuja bado. Kila magharibi Zainabu anaketi karibu yangu, ananishika mukono, midomo imefungwa. Na kule nyuma, mikebe kimya, ninasikia sauti ya Zainabu wangu: "Hodi, Mama."

Ninauma kikwembe.