Hala Anastahili

Saleha alizaliwa Jidda, katika familia iliyotoka Unguja baada ya Mapinduzi, na mtaani Sharafiya alisifika kwa kushona mabuibui. Mwaka 2014 binti yake, Hala, alifika darasa la tatu bila kuweza kusoma hata mstari mmoja. Mkuu wa shule akamwita Saleha.

"Mama Hala, mtoto huyu akili yake nzito. Apelekwe shule ya wenye ulemavu wa akili."

Saleha akakataa. "Huyu hutusimulia mchezo mzima wa televisheni, neno kwa neno. Kwanza apimwe, ndiyo mseme."

Nafasi ya kupimwa ilipatikana Riyadh. Jabir, mumewe, hakutaka hata kusikia.

"Akishapimwa, jina la punguani halimtoki tena. Nani atamposa?"

"Na asipopimwa atatolewa vivi hivi. Huku mke hasafiri bila ya mumewe. Twende, hata kama umenuna."

Jabir alinuna njia nzima ndani ya basi, lakini alikwenda.

Huko Riyadh, mpimaji, mwalimu wa kike aliyeitwa Abla Zeinab, alimsomea Hala kisa cha tajiri aliyepotelewa na ngamia. Hala akakirudia chote, akatia na chumvi yake: ngamia alikuwa amenuna "kama baba kwenye basi." Jabir alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha mtoto akapewa kisa kile kile akisome. Akakodolea macho karatasi, kidole kikifuata mstari. Neno halikutoka. Jabir akaacha kucheka.

"Akili anayo, tena kali," alisema Abla Zeinab. "Shida yake ni kusoma. Anahitaji mwalimu wa kumfundisha kwa njia nyengine, humo humo shuleni kwake."

Waliporudi Jidda, kikao cha uamuzi kilikaa shuleni. Saleha aliingia peke yake, maana ni shule ya wasichana na wanaume hawaingii. Jabir akabaki getini.

Mkuu wa shule alishikilia lake. "Kama ni kusoma tu, mbona hata hesabu anashindwa?"

"Kwa sababu maswali yameandikwa. Msomeeni muone."

Hala akaitwa, akasomewa. Alijibu kabla mwalimu hajafunga mdomo. Mkuu akavua miwani, akamtungia mwenyewe swali gumu la kugawana tende. Hala akalijibu huku akichezea kishungi chake.

"Halas, yamekwisha," mkuu akasema, akicheka. "Anastahili mwalimu wake, na atabaki hapa hapa."

Saleha alipiga kigelegele ofisini mle mle. Getini, Jabir alikisikia, akajua.

Sikukuu ya mwaka uliofuata, Hala akiwa anasoma, polepole lakini mwenyewe, Jabir ndiye aliyesema mbele ya jamaa wote: "Binti yangu kusoma kulimshinda. Tukampima Riyadh, akapata mwalimu, na sasa anasoma."

Kahawa haijapoa, wanawake wawili wakamfuata Saleha jikoni. Mmoja akamshika mkono.

"Bibie, na wangu vile vile. Huko Riyadh mlikwenda wapi?"