Mtani Hasalimiwi kwa Adabu

Mjomba wangu Kulwa nampenda, lakini ukitaka kuaibika, nenda naye mahali pa heshima. Anaongea kama yuko porini Ipole anaita wenzake walio kwenye mizinga ya mbali! Sasa huyo ndiye wafugaji nyuki wenzake walimtuma mjini Tabora kuuza asali yao ya mwaka mzima kwa Bi Annelies, mnunuzi kutoka Uholanzi. Mimi Flavia, mpwa wake, nikawa mkalimani. Balaa tupu.

Tumekaa ofisini, akaingia Majidi, dalali wa asali, Mzaramo wa Dar. Mjomba akaruka. "Aa! Mtumwa wangu huyu! Nani kakufungua minyororo?"

"Nimekuja kukuuza wewe, Mnyamwezi mbeba mizigo!" Majidi akajibu, wakakumbatiana huku wakicheka.

Bi Annelies akauliza wamesema nini. Nami, kichwa maji, nikatafsiri neno kwa neno.

Mama wa watu akasawijika. Kampuni yao hainunui kitu chochote penye watumwa, akasema, akafunga daftari. Nikajieleza weee: ni utani tu, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu walipobeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani. Wapi! Akasema atatoa jibu kesho.

Tulipotoka nikamwambia mjomba, "Shikamoo yako nakupa, lakini kesho adabu! Wenzako wa Ipole wakikosa soko utawaambia nini?" Akanywea. Nikamwonea huruma, ila sikulegeza.

Asubuhi akaja na koti la kanisani. Majidi alipoingia, mjomba akainuka taratibu, akampa mkono. "Habari za asubuhi, ndugu Majidi. Karibu uketi."

Majidi akabaki wima.

"Ndugu? Kulwa, nimekukosea nini?"

Mjomba akanitazama mimi, akatazama chini.

"Siku tunamzika mkeo Yustina nilitoka Dar kwa basi," Majidi akasema. "Nikalala kaburini, nikagoma kutoka mpaka unipe jogoo. Watu wote wanalia, wewe ukacheka. Leo hii mimi ndugu, nikaribishwe kiti?"

Machozi yakamlenga, mtu mzima yule. Nilitamani ardhi inimeze.

Bi Annelies akanigusa mkono. Kuna nini? Safari hii sikutafsiri maneno. Nikamwambia, "Amesalimiwa kwa heshima, na imemuuma." Kisha nikamsimulia habari ya kaburi na jogoo.

Akawatazama wazee wale wawili waliosimama kila mmoja kivyake. Halafu akaniambia polepole, "Mwambie mjomba wako amsalimie vizuri."

Nikamwambia. Mjomba akafungua mdomo, tusi likakwama. Akamwangukia Majidi begani, akamlilia mkewe kwa sauti, yeye ambaye msiba mzima hakutoa chozi. Asali iliuzwa siku hiyohiyo, ila mkataba ilibidi niusome mimi peke yangu, maana wale wawili hawakuachiana.