Bi Ngoja na Bwana Harusi Asiyefika

Mlango wa chuma wa saluni haujapanda hata nusu, mteja wa kwanza keshainama, kapita chini yake na kuketi kitini.

"Leo usinizungushe," anasema akivua kilemba. "Yule bwana harusi alifika au hakufika?"

Msusi anacheka, anachukua chanuo. "Tulia kwanza. Kichwa hiki kimepigwa radi?"

Kitendawili, wasomaji wangu: nyumba yangu ina mlango wa kuingilia, wa kutokea haina. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, ni hadithi za mwanamke huyu.

Kwa miaka kumi na minne amesuka katika saluni hii ya viti vitatu, na kila kichwa hukipa hadithi aliyoitunga mwenyewe. Ikifika patamu, mkono unasimama. "Ngoja. Ukija kufumua nitakumalizia." Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bi Ngoja.

Wateja walirudi, tena mbio. Lakini mwenyewe roho haikutulia.

"Watu walidhani nawaringia," anasema. "Wapi! Mwisho nilikuwa siujui. Hata nikikaa kuandika, nakwama palepale."

Mwaka jana akaomba nafasi ya kusomea uandishi wa hadithi mahali pawili. Kote akakubaliwa, akapewa wiki moja aamue. Kwanza, chuo: miaka miwili ya bweni, cheti chenye muhuri, na kiti chake saluni akikalie mwingine. Pili, warsha ya kila Jumamosi juu ya karakana ya seremala: watu tisa, meza moja, cheti hakuna.

Wifi yake, anayesukia kwenye kiti cha pili, hakuona la kufikiria.

"Wifi, nenda chuo! Cheti tutakitundika juu ya kioo. Hao wa kwa seremala watakupa nini, maranda?"

Siku mbili Bi Ngoja alisuka huku akipima moyoni. Kisha akakumbuka alivyochagua mahali pa kujifunzia ususi, enzi za usichana wake. "Sikuingia ndani. Nilisimama nje, nikatazama vichwa vinavyotoka."

Basi akaomba kote wampe hadithi za wanafunzi waliokwisha kuhitimu.

Za chuo zilikuja katika kitabu chenye jalada la kung'aa. Lugha safi, haina doa. Lakini karibu kila hadithi iliishia kwa mtu kusimama dirishani akitazama mvua.

"Nikasema, mbona hiki ni kichwa kimoja kimesukwa mara kumi?"

Za warsha zilikuwa karatasi zilizobanwa kwa pini, nyingine zimemwagikiwa chai. Moja iliishia kwa kicheko, moja kwa mlango kubamizwa, moja kwa mjane aliyepakua chakula cha wawili akakila chote peke yake. "Hiyo nililia mpaka nikamlowesha mteja utosi."

Akapanda ngazi za kwa seremala. Mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, akamuuliza amefuata nini.

"Mwisho."

"Mwisho hatugawi, mwanangu. Tunakaa na wewe mpaka uuone."

Ilichukua miezi mitano. Mara tatu wenzake walimrudishia hadithi ya bwana harusi: "Huu si mwisho, umechoka tu." Jumamosi iliyopita aliposoma neno la mwisho, hakuna aliyemrudishia karatasi. Chini msumeno ulikuwa umesimama. Mara seremala akapaza sauti: "Huyo mwanamume mimi simsamehe!"

Leo ni zamu ya saluni kuusikia mwisho huo, na wifi ana wasiwasi. "Ukimmalizia huyu," ananong'ona, "atarudi kufuata nini?"

Bi Ngoja anasuka, anasimulia. Anafika patamu. Mkono hausimami. Bwana harusi anafika wageni wakiwa wameshaondoka, anamkuta bibi harusi anakunja viti. Haulizwi alikuwa wapi. Anakabidhiwa kiti kimoja, anaambiwa, "Kunja."

Mteja anajifuta macho kwa ncha ya taulo.

"Mwanamke wewe! Kesho namleta dada yangu. Umhadithie hiyohiyo, tangu mwanzo."

"Mlete na shangazi," anadakia wifi. "Nitaongeza benchi."

Mpango wa Bi Ngoja sasa ni kitabu cha hadithi kumi na mbili, zote zimekwisha. Juu ya kioo, pale palipotengewa cheti, seremala ameshapigilia rafu ndogo ya kitabu hicho.

Na lile jina la mtaani, alibadilishe?

"La nini? Waendelee kuniita. Zamani walingoja bure, sasa wakingoja wanapata."