Swali Tulilolipeleka Mjini

Chumba changu cha mbele, kile cha barabarani, nimempangisha mwalimu. Binti wa watu, kwao Mbesa, amesoma mpaka vitabu vimemkimbia. Jioni anafundisha Kiingereza watu wazima ambao Kiingereza wanacho tayari, ila kinawakwama kooni wakisimama mbele ya mgeni. Kuna nesi, kuna muuza dawa za mifugo, kuna kijana wa ofisini mwenye tai. Mimi nakaa upande wangu wa ukuta na redio. Nyumba hii niliijenga mwenyewe, tofali nilifyatua mwenyewe, nikaipa vyumba vingi kwa sababu nilikuwa na watu wengi. Sasa mama watoto ametangulia, watoto wako Dar na Mbeya, wananipigia simu Jumapili wakikumbuka. Vyumba ni vilevile.

Juzi hapa nikamsikia mwalimu anawafundisha kitu anachokiita vishazi nomino. Sikujua ni mnyama gani huyo. Akaeleza kwamba unaichukua sentensi nzima, unaiingiza ndani ya sentensi nyingine, inakaa mle kama jina tu la kitu. "Usimwulize mtu kavukavu, stendi iko wapi," akasema. "Mwambie, naomba unieleze stendi ilipo." Halafu akawaitikisha kwa Kiingereza, wote kwa pamoja, kama kanisani.

Rafiki yangu unayesoma, nilizima redio. Sentensi ile naijua. Niliijua kabla baba yake mwalimu hajazaliwa.

Mimi nimekulia kijijini, upande wa Namtumbo, kwa bibi mzaa baba. Mama alifariki sijaota meno. Baba aliandikishwa manamba, akapakiwa kwenye lori na wenzake kwenda Tanga kukata mkonge. Mwanzoni wanaume waliokuwa wanarudi walituletea salamu zake, na mara moja blanketi. Kisha salamu zikakoma. Tukimuuliza huyu, anasema alimwona akiwa mzima. Tukimuuliza yule, anasema alihama shamba. Mwingine alikohoa tu, akaomba maji ya kunywa.

Bibi alikuwa mtu wa tumbaku. Mikono yake ilikuwa myeusi ya utomvu wa majani, haikutakata hata kwa majivu, na ugali wake ulikuwa na harufu hiyo kwa mbali. Mpaka leo nikipita mahali wanapokausha tumbaku tumbo langu linadhani chakula kimeiva. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani; mengine yote alisema kwa Kingoni. Alikwishatembea hadi mjini Songea, kwenye ofisi ya kuandikia manamba, kumuulizia mwanawe. Mzungu alikaa chumba cha ndani, karani akakaa mlangoni. Bibi akasema shida yake, karani akaingia ndani, akatoka, akasema, "Mama, subiri." Akasubiri mpaka jua likageuka. Safari nyingine ikawa hivyohivyo.

Alirudi na uamuzi wake. "Yule anakula maneno yangu njiani," alisema. "Yakifika ndani yamekwisha. Nataka mtu wa kuyafikisha mazima." Mtu huyo nikawa mimi.

Ndiyo sababu nilipelekwa shule. Wengine walisoma wawe mapadri au makarani. Mimi nilisomeshwa ili niulize swali moja. Bibi alimweleza mwalimu wa kijiji bila kuficha, akampelekea kibuyu cha togwa, na mwalimu, mtu mwembamba mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka inakata, akakubali kunifundisha watoto wengine wakishaondoka. Nilipotaka kuuliza kwa mkato, baba yuko wapi, alinizuia. "Unamkoromea Mzungu? Atakufukuza. Anza kwa kuomba. Baba yako mweke mwishoni, mwingize taratibu ndani ya ombi." Basi akanipa: kud yu pliz tel mi wea mai fatha iz. Naomba unieleze baba yangu alipo. Naiandika kama sikio langu lilivyoipokea, wala sioni haya.

Nilitembea na maneno hayo msimu mzima. Niliyasema nikifunga majani ya tumbaku kwenye fito, nikifukuza ngedere shambani, nikiokota matunda ya masuku porini mdomo umejaa. Wenzangu walinicheka. "Mzungu wa tumbaku huyo anapita! Mwamkieni!" Bibi naye alitwanga mahindi, na mchi ukishuka mimi natoa neno, ukipanda natoa jingine. Wakati wa kumbikumbi, tukiwakaanga kwenye chungu, nyumba nzima ikinukia mafuta yao, nilimsikia akiyasema peke yake huku anakoroga. Hakujua lipi ndilo baba na lipi ndilo naomba, lakini aliyasema yote bila kukwama.

Kiangazi mwalimu akasema nimeiva. Tukafunga safari kwa miguu, bibi na kapu la viazi vilivyochemshwa, mimi na shati la kuazima. Njiani mara mojamoja aligeuka tu na kuniambia, "Sema." Nikasema. "Haya, twende."

Ofisini karani alinyoosha mkono kutuzuia. Bibi alimpita kama anavyopita mti. Tukaingia. Mzungu alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, pua imebabuka kwa jua. Nikasimama nikasema lote, polepole, sikukosea hata sehemu moja. Yule bwana akaweka kalamu chini. Akatabasamu. Akanijibu.

Alinijibu kwa Kiingereza, kirefu, kwa upole kabisa, na katikati ya maneno yake akanyoosha mkono kuelekea dirishani. Alipomaliza akanitazama, akingoja.

Sikuelewa hata neno moja.

Hatukuwa tumefikiria jibu. Bibi hakulifikiria, mwalimu hakulifikiria, na mimi nilikuwa mtoto. Sisi wote watatu tulitengeneza swali, tukaling'arisha, tukalibeba, wala hakuna aliyekumbuka kwamba litajibiwa kwa lugha ileile. Nikasema asante, maana hiyo nilikuwa nayo. Tukatoka.

"Kasema nini?" bibi aliniuliza tukiwa barazani.

"Sijaelewa, bibi."

"Kile cha mkono nimekiona," akasema. "Ameonyesha kule. Asiyejua haonyeshi."

Tulikuwa tumeshika njia ya kurudi gari lilipotujia kwa nyuma na vumbi lake. Dereva akapunguza mwendo, bwana yuleyule akatoa kichwa nje, akasema kwa Kiswahili safi kama cha dukani, "Mama, pisha gari, mtaumia!" Likapita.

Bibi alikaa chini palepale kwenye majani akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. "Kumbe anasema kama watu!" Kama ningemwuliza kwa Kiswahili changu cha shule, angenijibu kwa Kiswahili. Lakini nilimsemesha kikwao, naye akaniheshimu kwa kunijibu kikwao. Kicheko kilipokwisha nikaona uso wake, na uso ule sitauelezea.

Tulirudi ofisini. Karani akasema bwana amekwenda safari ya Tunduru. Tukangoja mpaka viazi vikaisha, tukaenda nyumbani. Kiangazi kilichofuata tulikwenda tena, tukakuta mlango una kufuli na mbuzi wamelala barazani. Shule yetu iliishia la nne, nami nikaishia nayo. Nikaenda kubeba mizigo, nikafyatua tofali, nikanunua mashine ya kusaga, nikawa huyu unayemsoma. Sikumwomba mtu kitu, na nasema hivyo kwa sauti.

Bibi alichukua kigoda chake akakigeuza kielekee kule mkono ulikoonyesha, ng'ambo ya bani la kukaushia tumbaku. Alikaa akielekea upande huo miaka yake yote iliyobaki, akichambua maharage, na mtu akitokea njiani anasimamisha mikono amtazame. Nami jibu lile niliendelea kulisema moyoni vile lilivyosikika, nikitumaini siku moja nitampata wa kunifasiria. Lakini maneno usiyoyaelewa yanapukutika. Nilipokuja kupata watu wa kuwauliza, nilikuwa nimebakiwa na mkono na dirisha tu.

Basi juzi niliinuka nikazunguka ukuta. "Shikamoo, babu," darasa likasema. "Karibu ukae," mwalimu akaniambia. Nikakataa kukaa. Nikasimama kama nilivyosimama siku ile, nikalisema swali langu lote.

Kijana mwenye tai akacheka. "Babu unatutisha, kumbe wewe ndiye mwalimu!" Mwalimu akapiga makofi, akasema, "Hakuna kosa hata moja. Haya, nani atamjibu babu?" Alidhani ni zoezi. Nesi akainuka. Nadhani nesi aliniona vizuri zaidi, kazi yao ni kutazama watu. Akanijibu taratibu kwa Kiingereza, kisha bila kuombwa akarudia kwa Kiswahili. "Samahani sana, babu. Sijui alipo."

Nikamshukuru. Nikarudi upande wangu.

Kijiji nimekipita mwaka jana. Bani limeanguka, palipokuwa na shule pameota mahindi, kaburi la bibi nimelijengea saruji. Aliyejua sura ya baba hayupo tena duniani. Hata mimi siijui, nilikuwa wa kubebwa alipoondoka. Mwenye jibu naye lazima alikwishakufa huko kwao. Nakaa na vyumba vyangu, jioni nasikia watu wazima ng'ambo ya ukuta wanaomba kuelezwa stendi ilipo, benki ilipo, hospitali ilipo, na wote wanajibiwa. Mimi nimebaki na swali. Ni zima kama siku tulipolibeba, na mwalimu mwenyewe amesema halina kosa hata moja.