Jokha na Mbegu za Elm
Jokha Mwadini, mpishi wa hospitali huko ughaibuni, aliyezaliwa Wete, Pemba, si mtu wa kushindwa na mti. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Mei, alipita kwenye bustani ndogo ya mtaa wa Harborne akitoka kazini, akaona mti mkubwa wenye kibao kilichoandikwa elm ya Kiingereza, akaingiwa na shaka kama jina hilo ni sahihi. Tangu siku hiyo nyumba yake ya Alum Rock haikuishiwa vitabu vya miti.

Shaka yake ilikuwa na ushahidi. Kila mbegu ilikuwa na ubawa mwembamba wenye nywele nyeupe ukingoni, mithili ya kope, na ilining'inia kwenye kikonyo kirefu. Elm ya Kiingereza haina kope wala kikonyo cha namna hiyo. Jani nalo lilipanuka katikati, na shinani upande mmoja ulishuka kuliko mwenzake. Cheryl, mkuu wa wanaojitolea kuitunza bustani hiyo, alicheka kwanza, kisha akaazima miwani ya Jokha, akazitazama mbegu upya. Wiki iliyofuata kibao kilibadilishwa kikasema elm ya Marekani. Jokha alikipiga picha mara kumi na nne, nami simlaumu.

Lakini kutambua ni kazi moja, kuotesha ni nyingine. Aliokota mbegu, akazianika dirishani kwenye sinia mpaka zikakauka kau, akazitia kwenye bahasha kungoja Machi, baridi ikiisha, apande. Ndivyo alivyofanya na nyanya, na nyanya ziliota. Elm haikuota hata moja. Mwaka wa pili vivyo hivyo, akaambulia udongo mtupu.

Mei ya mwaka huu Cheryl alimpigia simu kwa sauti ya msiba. Ugonjwa wa elm umeingia, matawi ya juu yamekufa, na mti utakatwa mwisho wa Juni. Mbegu tu, alisema, ndizo zisizobeba ugonjwa huo. Jokha alikwenda mbio na mfuko. Kwa kuwa mti ulikuwa peke yake, bila mwenzake wa kuuchavusha, mbegu nyingi zilikuwa makapi, ikabidi abonyeze moja moja kutafuta zenye kiini. Mfuko mzima ulimpa thelathini na mbili. Akazipanga kwenye sinia, dirishani.

Jioni alimpigia mdogo wake Asmahan, mkulima wa karafuu huko huko Wete, akamwonyesha sinia kwenye simu.

"Da Jokha, hizo za kuuza au za kupanda?"

"Za kupanda."

"Sasa mbona umezianika?"

Jokha aliiondoa sinia dirishani. Karafuu ya kuuza huanikwa jamvini. Ya kupanda huachwa mtini iive, ikidondoka inatiwa udongoni ingali mbichi, kwani ikikauka imekufa. Hilo alilijua tangu utotoni, akalisahau miaka miwili mizima kwa kuamini maandishi ya nyuma ya pakiti ya mbegu za nyanya! Asmahan alimcheka, akamtupia na methali: mwacha asili ni mtumwa. Jokha hakuwa na wakati wa kununa. Simu ikiwa bado wazi alijaza udongo kwenye makopo ya mtindi, akazilaza mbegu juu, akazifunika kidogo tu, akanyunyiza maji.

Asubuhi ya siku ya tisa aliona kitu cha kijani, kidogo kama punje ya mtama. Alipiga kigelegele hata jirani yake Gurmeet akagonga ukuta. Kufikia mwisho wa wiki ilikuwa imeota miche mitano.

Siku ya kukata, msumeno uliponguruma Harborne, Cheryl alisimama kando ya uzio, macho mekundu. Mafundi walikuwa wameking'oa kile kibao, naye alikikumbatia bila kujua akipeleke wapi.

Jokha alifika akihema, kopo la mtindi mkononi. Ndani yake mche ulikuwa umesimama wima, na majani yake machanga yalikuwa yameshuka upande mmoja kuliko mwingine. Cheryl aliyatazama, akavaa miwani ya Jokha bila kuomba, akatazama tena.

"Cheryl," Jokha alisema, "kibao hicho usikitupe."