Kilo Nne Zilizoota Njiani

Wadau, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mfuko wangu ulipimwa Handeni, ukawa kilo ishirini. Ukapimwa Dar es Salaam, ishirini na nne. Njiani sikuongeza hata punje.

Mnacheka? Mimi zile kilo nne zilinikosesha dada.

Mwaka 1972, mwezi wa tatu, telegramu ikaingia kijijini kwetu cha ujamaa: ZAMDA AMEJIFUNGUA HALI MBAYA NJOO. Zamda ni dada yangu mkubwa, aliolewa Mtwara. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kusini. Iliyobaki ni ndege.

Ndege! Sisi ambao hata nauli ya basi la Korogwe tuliitafuta kwa tochi!

Nikamkimbilia Simeo wa Masuguru, aliyewahi kubeba mizigo uwanja wa ndege.

"Usikate tiketi ya Ijumaa, dada Swaumu. Hiyo ni ya wakubwa. Ya Jumanne ni nusu bei. Ila ukizubaa, nafasi anapewa mwingine. Na mzigo kilo ishirini tu. Ukizidisha, kila kilo wanakukamua."

Baba yangu, mzee Mhina, alikuwa karani wa mizani kituo cha kununulia mahindi. Nauli aliitoa siku hiyohiyo, ndani ya kopo. Sikuuliza kaitoa wapi.

Mama akashindilia mfuko: unga, maharage, samli, nguo za kichanga. Nikaupeleka kituoni. Wakulima walikuwa kwenye foleni na mahindi yao ya vuli.

"Ishirini kamili!" nikashangilia.

Baba akainama. "Punguza, mwanangu. Toa unga."

"Baba, si mizani yako imesema ishirini?"

"Toa kidogo tu."

"Mzee Mhina anamwonea huruma bintiye kubeba!" mtu akatania. Foleni ikacheka. Baba akaita gunia linalofuata, nami sikutoa kitu.

Dar, karani wa ndege akatazama mizani yake. "Ishirini na nne. Lipia kilo nne au punguza."

Hela ya kulipia sina. Ningemwaga unga palepale, yangekwisha. Lakini mimi, binti wa karani wa mizani, nionewe hivihivi?

"Mizani yenu mbovu! Baba yangu anapima mwaka wa saba!"

"Dada, watu wanasubiri."

Nikapayuka weee! Mwisho akaleta jiwe la chuma la kilo kumi, akaliweka juu. Kumi.

Nikaanza kufungua mfuko, fundo la mama halifunguki. Nilipoinua kichwa, nafasi yangu ilishapewa mwanamume mwenye mkoba.

Nikapiga magoti. Nikamshika karani miguu. "Ndugu yangu, dada yangu anakufa!"

Ndege ikaondoka.

Karani yuleyule niliyemtukana ndiye aliyenihangaikia nafasi ya Ijumaa bila kuongeza senti. Nikafika Mtwara. Zamda alikuwa amezikwa Alhamisi. Nesi akaniambia alikuwa akiuliza tu, "Swaumu kafika?" Kisha akanipa kichanga, Zuena, nikamlee.

Niliporudi nyumbani, nilisubiri foleni ya baba iishe.

"Baba, mizani yako inaiba."

"Najua."

"Siku ile ulijua?"

"Nilikwambia upunguze."

"Kwa nini hukuniambia sababu?"

Akatazama magunia ya watu. "Ningesemaje, Swaumu? Foleni nzima ilikuwa inasikiliza."

Hapo ndipo nilipoelewa lile kopo lilijaaje. Nauli yangu ilikuwa mahindi ya wenzetu.

Nilitaka kupiga kelele kijiji kizima kije. Zuena akalia mgongoni, njaa. Nikaingia ndani kumkorogea uji mwepesi.

Wadau, mkipata tiketi ya bei chee, ulizeni kwanza habari ya mzigo. Na mfuko wako usiupime kwa mtu mwenye siri, hata kama ndiye aliyekuzaa.

Nasema hivyo, lakini na mimi nilinyamaza, miaka zaidi ya hamsini. Zuena amekua akijua babu yake alikuwa mtu wa haki kuliko wote Handeni. Yeye ndiye huwa wa kwanza kusoma maandishi yangu.